Nikaso Alifika Kabla Hajaondoka

Nikaso binti Lampro alizaliwa Petraya, mji wa juu, akaolewa Kalina, mji wa chini. Kati ya miji hiyo miwili pana mwendo wa nusu siku, ukikatiza malisho ya mlimani yenye chemchemi moja. Siku ya harusi yake aliondoka kwao tarehe nane ya mwezi wa Herakle, akafika kwa mumewe jioni ya siku ileile, tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa Artemi, ambao ni mwezi unaotangulia. Mama mkwe wake, Timo, alimpokea mlangoni na mwenge mkono mmoja na kisahani cha tini kavu mkono wa pili. Akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu binti ana haraka," Timo akawaambia majirani. "Amefika kabla hajaondoka."

Neno lile likapendwa. Kalina ni mji mdogo, na utani ukipatikana hautupwi hovyo. Nikaso alitaniwa kwa huo huo miaka arobaini na moja, kisimani, kwenye mavuno, hata kwenye msiba wa Timo mwenyewe.

Chanzo chake kilikuwa ng'ombe. Masika yalipokaribia mwaka ule, maksai aliyetengwa kwa sikukuu ya mungu wa kike Artemi aliteguka mguu. Mungu hapewi mnyama anayechechemea, na sikukuu haisogezwi, maana imewekwa tarehe kumi na moja ya mwezi wa Artemi tangu enzi za mababu. Baraza la Kalina likakaa, likaona njia: tarehe kumi irudiwe mpaka mguu upone. Ikarudiwa mara kumi na tano. Watu waliamka, wakakamua, wakala, wakalala, wakaamka tena tarehe kumi. Maksai alipopona akachinjwa kwa heshima zote, na hakuna aliyeona haja ya kuzirudisha zile siku. Petraya, huko juu, watu waliendelea kuufuata mwezi wa mbinguni kama ulivyo, hasa kwa sababu huko juu hakuna kingine cha kutazama.

Na miaka nayo ilikuwa na mambo yake. Petraya huanza mwaka shayiri inapovunwa, na mwaka hupewa jina la mkuu wa mji. Kalina huanza mwaka wakati wa kupanda, na mwaka hupewa jina la mwanamke anayeshika ukuhani wa Artemi. Kwa hiyo Nikaso aliagwa kwao katika mwaka wa Damofanto, akapokewa kwa mumewe katika mwaka wa Empedo. Namba hakuna. Ukitaka kujua Damofanto alikuwa zamani kiasi gani, uliza wajukuu zake.

Mumewe aliitwa Thrason. Alikuwa mtu wa maneno machache na mbuzi wengi. Miezi michache baada ya harusi Wagalatia walishuka kutoka kaskazini, wakapita pale kama moto wa nyikani, wakachoma nyumba ya kumbukumbu ya Kalina na nusu ya Petraya. Wazee wa miji yote miwili walikwenda kuwazuia njiani mlimani. Hawakuwazuia. Thrason alirudi na kovu, akaishi miaka ishirini na saba zaidi, akafa kwa kuanguka mtini akiwa anakata matawi ambayo Nikaso alikuwa amemwambia yaachwe. Alimwachia mtoto mmoja wa kiume, Mnason, na vikapu kumi na viwili vya kukamulia jibini.

Jibini ndiyo ilikuwa kazi yake. Alfajiri alipasha maziwa, akayakoroga kwa tawi la mtini lililopasuliwa ili utomvu wake uyagandishe, akayachuja, akayakandamiza vikapuni. Jibini yake ilikuwa na chumvi kupita ya wengine. Ukimwambia hivyo anakwambia basi usile.

*

Ugomvi wa malisho ulianza Mnason alipokuwa amekwisha ota mvi za kwanza. Watu wa Kalina walijenga ukuta kuizunguka chemchemi ya mlimani. Watu wa Petraya wakaubomoa. Ukajengwa tena, ukabomolewa tena, na mara ya tatu mtu mmoja wa Petraya akarudi kwao na sikio moja. Hapo ndipo kila mji ulipokwenda kuvumbua haki yake.

Petraya walikuwa na nguzo ya jiwe, imesimama uwanjani mwao tangu zamani, imeandikwa: "Lakini malisho ya mlimani ni ya watu wa Petraya." Kalina walikuwa na bamba la shaba lililopigiliwa misumari hekaluni, limeandikwa: "Chemchemi ya mlimani ni ya watu wa Kalina, pamoja na njia zote za kuifikia." Wa Petraya walisema malisho ni pamoja na kilichomo, na chemchemi imo. Wa Kalina walisema huwezi kuyafikia maji bila kukanyaga majani, kwa hiyo majani ni njia. Kila upande ulisema andiko lake ndilo la baadaye, na la baadaye hufuta la mwanzo. Kuhusu lile "lakini" lililoanza jiwe la Petraya, wote waliafikiana kwamba mchongaji alikuwa mlevi.

Walitukanana hivyo miaka mitano. Mwishoni wakaleta waamuzi watatu kutoka kisiwa cha mbali, watu wasio na mbuzi wala mkwe upande wowote. Mkubwa wao aliitwa Aristolao, mzee mwembamba mwenye mafua ya kudumu. Waliwekewa viti mbele ya madhabahu ya Artemi, pale juu njiani, karibu na chemchemi yenyewe.

Jiwe lilikuwa na tarehe ya mwaka wa Damofanto, na bamba tarehe ya mwaka wa Empedo. Aristolao alianza kwa kuuliza swali rahisi: lipi lilitangulia? Petraya wakasoma orodha ya wakuu wao wa mji. Kalina wakasoma orodha ya makuhani wao. Ya Kalina ilikuwa imeungua wakati wa Wagalatia, ikaandikwa upya kwa kukumbuka, na kila mwenye kukumbuka alikuwa na shangazi aliyetaka awemo. Orodha zote mbili zilikuwa ndefu, na hazikugusana popote.

Mwamuzi wa pili akajaribu kuhesabu kwa michezo ya Olimpia. Akauliza ni nani aliyeshinda mbio mwaka wa Damofanto. Petraya walijibu kwamba walipeleka mkimbiaji mwaka mmoja, akawa wa mwisho, na tangu hapo hawakufuatilia. Mwamuzi wa tatu akajaribu kwa miaka ya wafalme wa Makedonia. Mzee mmoja akamwambia kwamba mwaka ule wafalme waliuawa na kufukuzwa mmoja baada ya mwingine, na wengine hawakumaliza hata miezi miwili, kwa hiyo watu wa huku waliacha kujifunza majina.

Aristolao alipenga kamasi, akauliza, "Je, yupo mtu aliyekuwa katika miji yote miwili katika mwaka huo?"

"Labda bibi harusi!" akasema mtu wa Petraya, na watu wakacheka.

Aristolao hakucheka. Aliliandika.

Kicheko kilipokwisha, mzee aliyeitwa Glauko akainuka upande wa Petraya akijishikilia kwenye fimbo. "Dada yangu aliolewa Kalina mwaka wa Damofanto," akasema. "Mimi nilikuwa na miaka sita. Nilikula tini za harusi nikatapika."

*

Mnason alimkuta mama yake anachuja.

"Mama, unaitwa."

"Na nani?"

"Na wale wazee wa kisiwani. Wanataka kujua uliolewa lini."

Nikaso hakuinua kichwa. "Miaka mitano mnatoana masikio kwa jambo hili. Si nilikwambia yote mawili ni maneno ya siku moja?"

"Uliniambia."

"Ukanijibu nini?"

Mnason akajikuna shingo. "Nilikujibu kwamba huelewi mambo ya miaka."

"Basi shika ndoo hiyo, imwage nje. Nitafute ushungi."

Walipanda mlima asubuhi ya pili. Mnason alikuwa na mbuzi arobaini, na kiangazi wote walikula pale pale juu. Njiani akaanza polepole, kama mtu anayejaribu kina cha mto kwa mguu.

"Mama, mtu wa umri wako akisema amesahau, si aibu."

"Si aibu."

"Basi waambie umesahau."

"Nikiwaambia nimesahau wataniuliza nimesahau nini."

"Watu wa Kalina ndio waliokuzikia mumeo, Mama. Ndio majirani zako. Wa Petraya walikupa nini?"

"Walinipa nyie," Nikaso akasema, akaendelea kupanda. Baada ya hatua chache akaongeza, "Na usiniharakishe, nina goti."

Moyoni hakuwa mtulivu kama alivyoonekana. Aliijua Kalina. Alijua ni nani angemwazima chungio na ni nani angejifanya hamwoni kisimani. Alijua pia kwamba yeye peke yake ndiye aliyebaki. Wote waliosimama chemchemini siku ile walikuwa wamekwisha lala ardhini, isipokuwa Glauko, na Glauko siku ile alikuwa anatapika.

Kwa desturi yetu mwanamke hasemi mbele ya waamuzi. Huapa, kisha msimamizi wake husema kwa niaba yake, na msimamizi wa mjane ni mwanawe. Nikaso aliweka mkono juu ya madhabahu akaapa kwa Artemi kwamba atasema aliyoyajua, na yakiwa ya uongo maziwa yake yasigande maisha. Wanawake wa Kalina walionong'ona nyuma walikubali kuwa hicho ni kiapo kizito. Kisha akasimama bega kwa bega na Mnason.

"Muulize mama yako," Aristolao akasema, "aliondoka Petraya tarehe ngapi."

Mnason akageuka kidogo. "Mama, uliondoka tarehe ngapi?"

"Nane ya mwezi wa Herakle, mwaka wa Damofanto."

"Anasema ni zamani sana," Mnason akawaambia waamuzi.

"Nimesikia nane," akasema Aristolao.

"Nane," akakubali Mnason.

"Ya mwezi wa Herakle."

"Huo huo."

"Mwaka wa Damofanto."

"Mzee, kama unasikia mwenyewe mimi nasimama hapa kwa nini?"

"Kwa sababu ya sheria," akasema Aristolao. "Muulize alifika Kalina tarehe ngapi."

Mnason alivuta pumzi. Lakini kabla hajafungua kinywa, na kabla ya Nikaso kujibu, sauti zikapasuka nyuma yake kutoka upande wa Kalina, wanaume kwa wanawake, vijana waliolikuta neno lile likiwa la zamani na wazee waliolisikia likizaliwa: "Ishirini na tatu ya mwezi wa Artemi! Kabla hajaondoka!"

Wakacheka, kama walivyocheka siku zote. Wengine walipigana mabega. Kisha kicheko kikaanza kupungua, kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyofika kwenye maana ya walichokisema.

Aristolao alikuwa amekwisha chukua nakala mbili, ya jiwe na ya shaba, akazilaza magotini. Jiwe la Petraya: tarehe nane, mwezi wa Herakle, mwaka wa Damofanto. Bamba la Kalina: tarehe ishirini na tatu, mwezi wa Artemi, mwaka wa Empedo.

Msemaji wa Kalina, mtu mnene aliyelipiwa nauli kutoka mji mkubwa, alisimama haraka. "Waheshimiwa, ule ni mzaha wa kijijini! Tarehe nane na tarehe ishirini na tatu haziwezi kuwa siku moja. Mwezi utakuwaje?"

"Muulize mama yako mwezi ulikuwaje," akasema Aristolao.

"Nusu," akasema Nikaso.

"Nusu," akasema Mnason, ambaye sasa alikuwa amechoka.

"Nusu ipi? Unaokua au unaopungua?"

"Nilifunuliwa shela mlangoni jua likizama, nao ulikuwa juu ya vichwa vyetu," akasema Nikaso. "Unaopungua hauonekani jioni. Ulikuwa unakua. Wa Petraya walikuwa sawa. Kalina walikuwa na ng'ombe mgonjwa."

Karani wa hekalu la Kalina akatazama chini. Kwenye orodha yake ya sikukuu, iliyonusurika moto hekaluni, kila mtu alijua, palikuwa na mstari usemao: tarehe kumi, tena, tarehe kumi, tena.

Aristolao akauliza swali la mwisho. Njia ya harusi ilipita chemchemini. Je, mwanamke huyu aliona chochote pale?

"Sikuona," akasema Nikaso. "Nilikuwa na shela. Nilisikia."

Alisikia mengi. Maandamano ya harusi yalifika chemchemini mchana, yakawakuta wazee wa miji yote miwili wamemaliza kula kiapo na wamo katika kula kondoo wa kiapo. Mpiga mbiu alikuwa anasoma mapatano. Sauti ilikuwa imemkauka, kwa hiyo kila kifungu alikirudia mara mbili, na msafara mzima ukasimama juani ukimsubiri amalize. Nikaso alisimama na shela usoni, viatu vipya vikimbana.

Akayasema maneno yale kama alivyoyasikia, na Mnason akayarudia kifungu kwa kifungu, bila kupunguza wala kupinda, maana kila mtu alikuwa anasikia.

"Chemchemi ya mlimani ni ya watu wa Kalina, pamoja na njia zote za kuifikia."

"…pamoja na njia zote za kuifikia."

"Lakini malisho ya mlimani ni ya watu wa Petraya. Wenye maji wawape wenye majani, na wenye majani wawape wenye maji."

"…wenye majani wawape wenye maji."

"Na ili kiapo hiki kishike, Lampro wa Petraya amtoe binti yake kwa Thrason wa Kalina."

Mnason akaanza, "Na ili kiapo hiki kishike, Lampro…" Akakwama. Aligeuka kumtazama mama yake, safari hii kwa kweli. "Mama. Hili hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Baba alijua?"

Nikaso akarekebisha ushungi wake. Asubuhi ya harusi baba yake alikuwa amemwambia kwamba kijana mmoja wa Kalina alimwona kwenye sikukuu, akampenda, hali wala hanywi. Nikaso alishuka mlimani akilibeba neno hilo kama yai. Kisha akasimama pale juani akamsikia mpiga mbiu akimsoma yeye, mara mbili, baada ya majani. Alitamani ardhi ipasuke. Ndipo mtu aliyekuwa upande wa pili wa kondoo, ambaye hakuweza kumwona, akasema taratibu, "Hata mimi ndiyo kwanza nasikia." Ilikuwa sauti ya Thrason. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia, na Nikaso aliliona la kutosha kuanzia.

"Alijua siku niliyojua mimi," akamjibu mwanawe. "Sema, mzee anasubiri."

Mnason akamalizia kifungu. Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

Msemaji wa Kalina akaanza kukusanya vitu vyake.

*

Waamuzi hawakuhitaji siku ya pili. Walisema kwamba mwaka wa Damofanto na mwaka wa Empedo, kwa sehemu hiyo, ni mwaka mmoja. Kwamba tarehe nane na tarehe ishirini na tatu ni siku moja. Na kwamba jiwe na shaba ni andiko moja lililokatwa katikati, kila mji ukaondoka na nusu iliyoupendeza. Mchongaji wa Petraya hakuwa mlevi. Mapatano yote yashikwe kama yalivyoapiwa. Miji yote miwili ilisikitika kwa kiwango sawa, na Aristolao alisema hiyo ni dalili nzuri.

Nguzo mpya ilisimamishwa chemchemini. Juu yake waliandika mwaka kwa jina la mkuu wa Petraya, kwa jina la kuhani wa Kalina, kwa jina la mkuu wa kisiwa cha waamuzi, na kwa idadi ya miaka tangu michezo iliyopita ya Olimpia. Tarehe ilichukua mistari minne. Hukumu ilichukua mitatu. Mwishoni iliandikwa: "Kwa ushahidi wa Mnason mwana wa Thrason." Nikaso hakujua kusoma. Aliuliza kimeandikwa nini, akaambiwa, akasema herufi zimenyooka.

Kalina hawakumsamehe upesi. Kiangazi chote hakuna aliyemwazima chungio, na kisimani mazungumzo yalikuwa yanakatika akifika. Yeye alichota maji yake, akasalimu, akaondoka. Mwanamke wa kwanza kurudi mlangoni kwake alikuja wakati wa zabibu, maana binti yake alikuwa anaolewa na jibini ya jirani mwingine ilikuwa imechacha. Hakuomba radhi. Aliomba vikapu vinne. Nikaso akampa vitano.

Siku waliyofungua malisho masika yaliyofuata, Nikaso alipanda mpaka chemchemini na mkongojo, akisema anataka kunyoosha goti. Ukuta ulikuwa umeondolewa, mawe yake yakiwa yamelundikwa kando kwa yeyote atakayeyahitaji. Mnason alikuwa amesimama karibu na hori la maji, mikono kifuani, mbuzi wake arobaini wakinywa. Kutoka juu wakashuka mbuzi wa Petraya, na nyuma yao Glauko akiwa na wajukuu wake wawili. Wakasimama mahali fimbo isingeweza kufika.

"Mjomba," akasema Mnason.

"Mjomba," akajibu Glauko. "Tunaomba maji."

Mnason aliwatazama mbuzi wa Petraya, akawatazama wake. Hakuwa na haraka. Nikaso alikuwa amekaa juu ya jiwe hatua kumi kando, na mkongojo alikuwa ameushika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Wangu hawajashiba," akasema Mnason.

"Tunaona."

"Wakishiba mtaleta wenu."

"Tutasubiri."

Wakasubiri. Mbuzi wa Kalina walikunywa polepole, na Mnason hakuwahimiza. Jua lilikuwa limefika utosini alipopiga mluzi, wanyama wake wakajitenga na hori, na wale wa Petraya wakashuka kwa kishindo, wakigongana mbavu. Glauko alikuja akaketi kando ya dada yake, akafungua kitambaa chenye mkate wa shayiri na jibini, akamkatia kipande.

Nikaso akatafuna. "Haina chumvi," akasema.

"Basi usile," akasema Glauko.

Akala yote.